Mwenye alimupatia mutoto pombe, naye ajibu

Sisi tunaoandika mistari hii ni wachimbaji wa Kolwezi, bibi za wachimbaji, na mwalimu mumoja mwenye alikubali kutusaidia kupanga maneno. Hakuna avoka kati yetu. Lakini kuko kaburi moja lenye tunajua vizuri namna lilipatikana, na juu ya kaburi hilo tunaomba nafasi kidogo mu gazeti hii.

Ilikuwa siku ya posho. Depo za mawe zilikuwa zimelipa muzuri. PDG wa shimo, yaani ule mwenye analisha timu na kugawanya feza, alifurahi, akaita watu wake mu buvete moja ya pembeni ya barabara. Kazie mbili za kwanza alilipa yeye. Ya tatu, tulichanga. Kati yetu kulikuwa kijana wa miaka 16, mwenye alikuwa anabeba mifuko na kuosha mawe. Aliomba Fanta. Mukubwa mumoja akacheka: «Weye haiko tena mutoto, unabeba mufuko sawa baba yako. Kunywa!» Akakunywa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kiisha mutu mwingine akamununulia kichupa kidogo cha plastiki, ile wiski ya bei ya chini. Mama wa buvete aliona yote. Njo yeye alifungua zile chupa.

Saa tatu ya usiku, mwenye moto mumoja, mwenye hakutaka kuamuka ku kiti, akatosha ufunguo mu mufuko: «Petit, kimbia utuletee michopo.» Moto haikuwa na asiransi. Kijana hakuwa na perimi. Taa ya mbele ilikuwa imekufa. Mambo hayo yote matatu tulikuwa tunayajua.

Hakurudi na michopo. Alimugonga mama mumoja mwenye alikuwa anarudia nyumbani, beseni ya mikate ku kichwa. Mama alikufa mbele ya kufika ku hospitali. Aliacha bwana, mwenye anafanya kazi ya rotation mu kampuni, na watoto 4. Kijana alivunjika muguu pahali pawili.

Sasa sikilizeni namna matanga ilienda. PDG alitoa mufuko wa unga na sehemu ya feza ya sanduku. Watu wakasema: ule iko mutu wa roho muzuri. Mwenye moto alilalamika juu ya moto yake yenye iliharibika, na watu wakamuhurumia. Mama wa buvete aliuza sana siku zile tatu, kwa sababu wenye kulala matanga wanakunywa. Baba ya kijana, yeye aliuzisha parsele yake ili alipe familia ya marehemu na ili «kupanga mambo» kule kwenye mambo inapangwa. Kijana alipelekwa ku parke na plata ku muguu. Na sisi wote tulisema neno moja: «Tutafanya nini? Ni Mungu njo alipenda.»

Mungu hakununua ile kazie. Mungu hakutosha ule ufunguo. Njo kwa sababu ya ile tunaandika.

Mu mugini yetu, wakati mutoto amekunywa na kuua mutu barabarani, tunatafuta mukosefu mumoja tu: ule mwenye alikuwa ku usukani. Kama haiko yeye, ni baba yake. Lakini mutoto mwenye analewa hajaota pombe ku mukono sawa vile muti unaota matunda. Kuko mukubwa mwenye aliuza. Kuko mukubwa mwenye alilipa. Kuko mukubwa mwenye alitoa ufunguo. Watu hao watatu wanarudia nyumbani, wanalala, na asubui wanaenda ku kariere. Tunasema kwamba hiyo haiko haki, na tunasema tena kwamba haiko sheria ya inchi yetu.

Tulimuuliza mwalimu atusomee sheria pole pole, na hapa tunaeleza vile tulisikia.

Ya kwanza ni sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, juu ya ulinzi wa mutoto. Inasema kwamba mutu mwenye hajafikisha miaka 18 ni mutoto. Haisemi: mwenye hajabeba mufuko muzito. Haisemi: mwenye hajaota ndevu. Inasema miaka 18. Sheria ile ile inasema kwamba mutoto wa chini ya miaka 14 hawezi kuhukumiwa juu ya kosa sawa mukubwa, hata kidogo. Na ule mwenye iko kati ya 14 na 18 anapelekwa mbele ya tribinali ya watoto, yenye inaweza kumukaripia na kumurudisha kwa wazazi, ao kumuweka pahali pa kulelewa. Haimufungie sawa mutu muzima.

Sasa fikirini. Kama sheria yenyewe inasema kwamba mabega ya mutoto haiwezi kubeba muzigo yote, ile sehemu yenye inabaki iende wapi? Je, iende mu hewa? Mama amekufa kabisa, haiko nusu. Muzigo iko muzima. Sehemu yenye mutoto hawezi kubeba, ni lazima mukubwa fulani aibebe.

Ya pili ni code civil, kitabu cha 3, chenye kinatoka ku sheria ya tarehe 30 Julai 1888. Hiyo ni ya zamani kuliko Union Minière yenyewe, yenye ilianza mu 1906. Babu zetu walichimba chini ya sheria hiyo na hawakuijua, na sisi tunaendelea vile vile. Artikle 258 inasema kwamba mutu mwenye kosa lake limeletea mwingine hasara, ni lazima ailipe. Artikle 259 inaongeza neno lenye tunaomba kila mutu alikamate muzuri: mutu anajibu haiko tu juu ya kile alifanya, lakini pia juu ya uzembe wake na juu ya kukosa busara kwake. Na artikle 260 inasema kwamba tunajibu pia juu ya watu wenye tunapashwa kulinda, na juu ya vitu vyenye viko chini ya ulinzi wetu. Njo pale baba anaingia, juu ya mutoto mwenye anakaa naye. Njo pale patron anaingia, juu ya mutumishi wake mu kazi yenye alimutuma. Na njo pale, kwa maoni yetu, mwenye moto anaingia, kwa sababu moto ni kitu, na ufunguo ulikuwa mu mufuko wake.

Ya tatu ni code pénal ya tarehe 30 Januari 1940. Artikle 52 inasema juu ya mutu mwenye kuua ao kuumiza bila kupenda, kwa kukosa kuona mbele na kukosa uangalifu. Artikle 53 inapanga malipizi kwa mwenye kuua namna hiyo: kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 2, na faini. Haiombe mutu awe alikusudia. Inauliza tu: ulikosa kuona mbele?

Basi tunauliza: mukubwa mwenye anafungulia mutoto wa miaka 16 chupa ya tatu, na anaona moto imesimama pale pembeni, je, aliona mbele? Mwenye anatoa ufunguo kwa mutoto mwenye ulimi tayari unakuwa muzito, je, alikuwa na uangalifu?

Tunajua kile avoka wa muuzaji atasema. Atasema: «Kijana alikunywa mwenyewe. Alipanda moto mwenyewe. Kati ya chupa na kifo kuko njia murefu.» Ni neno la kweli kwamba mbele ya mwamuzi ni lazima kuonyesha vitu vitatu: kosa, hasara, na kamba yenye inafunga kosa na hasara. Ile kamba njo ngumu. Mwamuzi ataipima kila mara, na mara ingine atasema kwamba imekatika. Kama muuzaji aliuza bia moja asubui na ajali ilifika usiku, kamba ni nyembamba. Kama mutoto alidanganya, alituma mukubwa amununulie na muuzaji hakumuona, hatuwezi kumufunga muuzaji. Hatuombe mwamuzi afunge macho.

Lakini sisi ni wachimbaji, na tuko na mufano wetu. Mutu akichimba shimo pembeni ya njia, akiliacha wazi usiku, bila mibao juu, bila kamba, bila mutu wa kulinda, na mutoto akiangukia ndani, je, mwenye shimo atasema: «Alitembea na miguu yake mwenyewe»? Hapa kwetu watu wangemupiga mawe. Kila mutu anajua kwamba shimo wazi linangojea mutu. Pombe mu tumbo la mutoto mwenye iko na ufunguo wa moto ni shimo wazi. Mwenye alilichimba anajua kwamba kuna mutu ataangukia. Hajui tu jina lake.

Na inchi zingine ziliona jambo hilo. Ufaransa, mwaka ule ule wa 2009, iliweka sheria yenye inakataza kuuzia ao kupatia bure pombe mutoto wa chini ya miaka 18 mu mabar, mu maduka na pahali pa watu wote. Mwenye anauza anaweza kulipa faini mpaka euro 7.500. Marekani, kwenye umri wa kununua pombe ni miaka 21, majimbo mingi inaachilia familia ya mwenye aligongwa imushitaki haiko tu dereva, lakini pia mwenye bar mwenye aliuzia mutoto. Na majimbo mengine inafika mpaka kwa mwenye nyumba mwenye aliachilia watoto wakunywe mu sikukuu yake. Jirani zetu wa Zambia, kule ngambo ya Kasumbalesa, walikataza tujilijili mu 2012. Tanzania ilikataza viroba mu 2017. Serikali hizo ziliona kwamba pombe yenye inaingia mu mufuko wa suruali ya mwanafunzi inaingia pia mu darasa, na kiisha inaingia barabarani.

Lakini haifai tudanganyane: kukataza sashe haitoshe. Ukitosha sashe, wiski inahamia mu kichupa. Kichupa kinauzwa hapa kwetu pamoja na biskuti na kalamu, kwenye meza moja. Hakuna sheria ya plastiki yenye inaweza kupita mukono wa mukubwa mwenye anauza na mukono wa mukubwa mwenye analipa. Kwa hiyo tunarudi kwa mukubwa.

Tunasikia majibu ya watu, na tunataka kuyajibu na heshima.

Wa kwanza ni mama mwenye anapika lutuku. Anasema: «Iko hii njo inasomeshaka batoto yangu. Munataka tukufe na njala?» Mama, hatukuombe uache. Wengi kati yetu tulisomeshwa na lutuku, na hatuna haya ya kusema. Tunakuomba kitu kimoja tu: usiuzie mutoto. Watoto wako walisoma juu ya feza ya wakubwa. Feza ya mutoto wa mwenzako siku moja itakuomba uilipe, na haitakuwa feza ya glasi moja. Itakuwa parsele.

Wa pili ni muuzaji mwenye anasema: «Nitajua miaka yake namna gani? Haina karte.» Mu barabara kubwa, kwa mupita-njia, tunakubali, ni ngumu. Lakini mu karitie, acheni mambo. Tunajua mutoto ni wa nani, alizaliwa mwaka wa vita gani, na alianguka darasa la ngapi. Ule kijana wetu, mama wa buvete alikuwa amekuja ku sikukuu ya ubatizo wake. Na kama kweli haumujue, na uko na mashaka, basi mashaka yenyewe ni jibu: usiuze.

Wa tatu ni mwenye moto. Anasema: «Miye minatafuta versement tu. Dereva akikunywa, ni shida yake.» Hapana, papa. Unajua kwamba unamupatia moto mutoto kwa sababu mukubwa angekuomba sehemu kubwa zaidi. Umechagua mutoto juu ya bei. Basi bei yote iko yako, na ile ya ajali pia. Na asiransi haiko zawadi: sheria ya inchi inalazimisha kila gari na kila moto yenye inatembea barabarani iwe na asiransi ya kulipa wenye wanagongwa. Mwenye hana, kama mutoto amegonga, ni familia mbili zinaangamia: ile ya mwenye alikufa na ile ya mwenye aligonga.

Wa ine ni muzee wa karitie. Anasema: «Ku tribinali ni kuharibu ujirani. Tupange kati yetu.» Tunaheshimu wazee, na palabre ya wazee imemaliza magomvi mingi. Lakini muzee, tuangalie nani anakaa ku palabre hiyo. Baba ya mutoto anakaa. Familia ya marehemu inakaa. PDG anakaa sawa mupatanishi! Mwenye moto anakaa sawa mwenye alipata hasara! Muuzaji haitwe. Njo namna gani watu watatu wenye walisukuma mutoto wanatoka pale mikono safi, na baba mwenye alikuwa chini ya shimo lingine, kilometa 40, anauzisha nyumba. Kama tunapanga kati yetu, basi tuite wote. Na kama mumoja anakataa kuja, tribinali ndiyo itamuita.

Wa tano ni mutu mwenye akili, na neno lake lilituchukua wakati. Anasema: «Mukikazia hii mambo, polisi watafurahi. Kila usiku wataingia mu mabuvete, watakamata bamama, watakula feza yao, na kesho watoto watakunywa tena.» Ni kweli. Tunawajua. Kwa hiyo hatuombe opération ya polisi, hatuombe buvete zifungwe, na hatuombe mama yeyote akamatwe juu ya glasi. Tunaomba kitu kingine: siku yenye ajali imefika na mutoto alikuwa amekunywa, prosevebali iandike haiko tu jina la mutoto, lakini alikunywa wapi, nani aliuza, nani alilipa, nani alitoa ufunguo. Swali hizo 4. Siku hizi haziulizwe. Prosevebali ya kijana wetu inasema «conducteur en état d'ivresse», na inaishia pale, kama vile ule ulevi ulitoka mbinguni pamoja na mvua.

Sasa maneno kwa familia zenye msiba, kwa sababu siku ile mutu anakuwa sawa kipofu na kila mutu anamushika mukono kumupeleka kwenye anataka.

Musitie sahihi ku karatasi ya mapatano siku ya matanga. Pokeeni unga, pokeeni sanduku, semeni aksanti, lakini sahihi ingojee. Mutu mumoja wa jamaa, mwenye kichwa baridi, aende kuuliza kwenye wale watu walikuwa wamekaa, na aandike majina ya wenye waliona, mbele watu hawajasahau ao hawajatishwa. Ombeni kopi ya prosevebali. Familia iko na haki ya kujitangaza partie civile, ni kusema, kuomba malipo mbele ya mwamuzi ule ule mwenye anasikiliza kosa. Mwenye hana feza anaweza kuomba karatasi ya indigence, na kila barreau iko na biro ya mashauri ya bure, mukaulize pale. Na musichelewe: kwa kosa la kuua bila kupenda, serikali iko na miaka 3 ya kufungua mashitaka. Inaonekana murefu. Lakini ukikaa na yatima 4, miaka 3 inapita sawa siku 3.

Na kwa muzazi wa mutoto mwenye aligonga, tuko na neno pia. Sheria inakuachilia mulango: kama unaonyesha kwamba haukuweza kuzuia, haukamatwe. Baba mwenye alikuwa mu kampi ya kampuni, juma mbili mbali na nyumba, anaweza kusema hivyo, na ni wakubwa wenye walikuwa pale njo wanapashwa kueleza. Usiuzishe parsele mbele ya kuuliza nani mwingine anapashwa kulipa. Lakini kama ulimuona mutoto anarudi na harufu ya pombe juma moja, juma mbili, na ukasema «ni ujana», mulango ule utakuwa mwembamba.

Kuko tena jambo lenye lingetuvutia tunyamaze, lakini tukilinyamazia, maneno yetu yote itakuwa ya bure. Sheria ya mine inasema kwamba kuchimba kwa mikono ni kazi ya mutu muzima, Mukongomani, mwenye karte. Kijana wa miaka 16 hakupashwa kuwa ku kariere siku ile. Hakupashwa kuwa na feza ya mawe. Tulimukubali kwa sababu masomo ya secondaire haiko ya bure, kwa sababu mabega yake ilikuwa ya bei ya chini, na kwa sababu baba yake alituomba. Tulimufanya mukubwa saa ya kubeba. Kiisha, usiku, tulimufanya mukubwa saa ya kunywa. Na siku ya tribinali, njo tulikumbuka kwamba ni mutoto wa baba yake. Mutu hawezi kuwa mukubwa wakati inatufaa na mutoto wakati inatufaa.

Kwa hiyo tumeanza na sisi wenyewe. Mu timu yetu, kwa sasa, kuko masharti matatu, na PDG aliyakubali. Moja: siku ya malipo, mwenye hajafikisha miaka 18 anapewa feza yake mapema na anarudia nyumbani mbele ya kazie kufunguliwa, na tunatafuta namna wale wawili wenye wangali pale warudie ku masomo. Mbili: mwenye analipa bia anaangalia nani anakunywa, akimulipia mutoto, ajue kwamba tutasema jina lake mahali popote tutaulizwa. Tatu: mwenye alikunywa haendeshe, na ufunguo haupewe petit. Ufunguo unawekwa kwa mama wa buvete, na mama anakatala kuurudisha mpaka asubui. Mama alikubali. Alilia wakati alikubali, na hatukumuuliza sababu.

Tunaomba timu zingine, depo za Musompo, mashirika ya watu ya moto, na makanisa, waangalie kama masharti hayo yanaweza kuwafaa. Haiombe feza. Tunaomba komuni ziweke ku mulango ya kila buvete kibao chenye kinasomeka, na Kiswahili, haiko Kifaransa peke yake: mwenye hana miaka 18 hauziwe hapa. Na tunaomba waamuzi na parke, siku familia itakuja na artikle 258 na 259 mu mukono, wasiseme: «Haijafanyika kamwe.» Sheria iko pale tangu 1888. Ni sisi njo hatujaitumia.

Tulisema mwanzoni kwamba tunajua vizuri namna lile kaburi lilipatikana. Wawili kati yetu walikuwa ku ile meza. Mumoja njo alisema «kunywa». Mwingine alichanga ku kazie ya tatu na hakusema kitu wakati ufunguo ulitoka mu mufuko, kwa sababu na yeye alitaka michopo.

Mwezi jana walienda kwa bwana ya marehemu, siku yake ya kupumuzika. Walimwambia: «Papa, siye njo tulikuwa pale. Tutasema vile tuliona, mbele ya mwamuzi, na kama kuko sehemu yetu ya kulipa, tutalipa.» Alinyamaza murefu. Mutoto wake wa mwisho alikuwa anacheza na kizibo cha bia pale chini, mu mavumbi. Kiisha baba akaamuka, akaleta viti viwili, akasema: «Ikaleni. Anzeni ku mwanzo.»

Miaka 3 haijaisha. Mwenye alikuwa pale usiku ule na anasoma mistari hii, anajua nyumba. Kiti cha tatu kiko.